Maili na Mailo: Kipimo Kilichozaliwa na Nyayo za Askari

Mjini Kampala, upande wa Mengo, ipo barabara iliyonyooka kama uzi, itokayo katika jengo la Bulange, lilipo baraza la Buganda, hadi kwenye lango la Lubiri, yaani kasri ya Kabaka. Jina lake ni Kabaka Anjagala, maana yake Kabaka ananipenda. Lakini watu wengi huiita Maili ya Kifalme. Mtu akitoka hapo akashika barabara kuu ya Masaka au ya Jinja, halioni tena neno maili katika nguzo za barabarani. Huko hukuta kilometa peke yake. Hata watoto wa shule siku hizi hufundishwa mita na kilometa, na wengi wao hawawezi kusema maili moja ina urefu gani.

Hata hivyo, maili haijafa. Imehama tu kutoka barabarani ikaingia katika udongo. Atakayeingia katika ofisi ya ardhi kutazama hati ya shamba au kiwanja kilichoko Kyadondo, Busiro au Mukono ataambiwa mara moja kama ardhi hiyo ni ya mailo au siyo. Neno hilo mailo si jingine ila ni maili ya Waingereza iliyotamkwa kwa ulimi wa Kiganda. Ni nadra sana duniani kipimo cha urefu kugeuka kuwa jina la namna ya kumiliki ardhi. Kwa kuwa askari wengi na watumishi wengi wa serikali huweka akiba zao katika kiwanja karibu na Kampala, yafaa kila nyumba ifahamu kipimo hiki kilitoka wapi, kilipata vipi maana yake, na kwa nini hata leo chaweza kumpa mtu makao au kumtia hasarani.

VIPIMO VYA MWILI

Zamani binadamu hakuwa na utepe wa kupimia. Alijipimia kwa mwili wake mwenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu walihesabu kwa shibiri, yaani tokea ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umekunjuliwa. Kisha shibiri mbili zikafanya mkono mmoja, ambao Waarabu waliuita dhiraa, tokea kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na mikono minne ikafanya pima moja. Nguo za biashara zilizobebwa na misafara ya karne ya 19 kuelekea bara zilikuwa zikipimwa hivyo hivyo. Mnunuzi mwerevu alipeleka dukani ndugu yake mwenye mikono mirefu, na muuzaji mwerevu alimweka mwenye mikono mifupi kupima.

Vipimo hivyo vilitosha kwa nguo, kamba na nguzo za nyumba. Kwa safari ndefu watu walihesabu siku za kutembea. Lakini taifa lenye majeshi makubwa na barabara nyingi lilihitaji kipimo cha kati, kilicho kirefu kuliko pima na kifupi kuliko mwendo wa siku. Warumi wa kale walikipata kipimo hicho katika miguu ya askari wao.

HATUA ELFU

Kwa lugha ya Kilatini, lugha ya Warumi, elfu huitwa mille. Warumi walipima njia kwa mille passus, maana yake hatua elfu. Hatua yao ilihesabiwa kwa namna ya pekee. Haikuwa kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, bali ilianza mguu mmoja ulipokanyaga na kuishia pale mguu ule ule ulipokanyaga tena. Kwa hiyo hatua moja ya Kirumi ni sawa na hatua mbili za kawaida, na ilihesabiwa kuwa ni futi tano za Kirumi. Hatua elfu zikawa futi 5,000, ambazo kwa vipimo vya leo ni kadiri ya mita 1,480. Kando ya barabara zao Warumi walisimamisha nguzo za mawe kuonyesha idadi ya maili, na kutokana na neno lile mille lugha nyingi za Ulaya zikapata jina la kipimo hiki.

Askari aliyepata kupiga kwata atafahamu jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Katika kwata ya jeshi la Uingereza, ambayo ndiyo waliyofundishwa askari wa King's African Rifles, hatua moja ya mwendo wa haraka ni inchi 30. Maili ya leo ina inchi 63,360. Zikigawanywa kwa 30 hupatikana hatua 2,112. Askari wa Kirumi alitimiza maili yake kwa hatua 2,000 za kawaida, na askari wa Afrika Mashariki hutimiza maili ya Kiingereza kwa hatua 2,112. Miaka inayokaribia 2,000 imepita baina yao, lakini mguu wa mwanadamu haukubadilika sana. Kikosi kinachokwenda hatua 120 kwa dakika kitamaliza maili moja kwa muda unaozidi kidogo dakika 17 na nusu.

KWA NINI FUTI 5,280

Hapa msomaji atauliza: ikiwa maili ya Warumi ilikuwa futi 5,000, idadi iliyo nyepesi kuhesabu, hii futi 5,280 ya Waingereza ilitoka wapi?

Jawabu lake limo katika shamba. Wakulima wa Uingereza walikuwa na kipimo chao, furlong, ambacho asili yake ni urefu wa mfuo mmoja wa plau, yaani masafa ambayo ng'ombe wa kulima waliweza kukokota plau kabla ya kugeuzwa. Furlong moja ilikuwa fito 40, na kila ufito futi 16 na nusu. Jumla futi 660. Ekari moja ilikuwa na urefu wa furlong moja na upana wa fito nne. Mashamba yote yaliandikwa katika hati kwa vipimo hivyo, na kodi ikatozwa kwa vipimo hivyo.

Maili ya futi 5,000 haikukubaliana na furlong za futi 660, kwa sababu hazigawanyiki sawasawa. Zinatoka furlong saba na sehemu. Ilibidi kimoja kimfuate mwenzake. Mwaka 1593, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ujenzi holela ndani ya maili tatu kutoka malango ya mji wa London. Sheria hiyo ilipotaja maili ilibidi ieleze maili ni nini, ikasema ni furlong nane, kila furlong fito 40, kila ufito futi 16 na nusu. Nane mara 660 ni 5,280. Ardhi haikukubali kubadilishwa, maana kila mwenye shamba angelalamika. Basi maili ndiyo iliyorefushwa ili iifuate ardhi.

Si mataifa yote yaliyofuata njia hiyo. Maili ya Ireland ilikuwa yadi 2,240, ilhali ya Uingereza ni yadi 1,760. Nchini Sweden neno hilo hilo leo lina maana ya kilometa 10 kamili. Mtu aliyesema maili bila kutaja ni maili ya nani alikuwa hajasema kitu. Hata futi na yadi za Uingereza na za Marekani zilitofautiana kwa kiasi kidogo sana hadi tarehe 1 Julai 1959, ambapo Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilianza kutumia yadi moja iliyofungwa kwenye mita: yadi 1 ni mita 0.9144 kamili. Tangu siku hiyo futi 1 ni mita 0.3048, na maili 1 ni mita 1,609.344, pungufu kidogo ya kilometa 1 na sehemu 61 za mia.

Wapima ardhi nao walipata chombo kilichounganisha vipimo hivi vyote. Mnamo mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter alieleza mnyororo wa kupimia wenye pingili 100 na urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Mnyororo mmoja kwa minyororo 10 ni ekari moja, yaani futi za mraba 43,560. Na maili moja ya mraba ni ekari 640.

MAILI ZILIZOANDIKWA KABLA YA KUPIMWA

Kipimo hiki kiliingia katika udongo wa Buganda tarehe 10 Machi 1900. Siku hiyo ulitiwa sahihi Mkataba wa Uganda baina ya Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza, na wakuu wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, aliyezaliwa mwaka 1896, na badala yake walisimama walinzi wake watatu wa ufalme: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Kifungu cha 15 cha mkataba huo kiliigawa nchi kwa maili za mraba. Eneo lote la Buganda lilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Humo, maili 1,500 za misitu na maili 9,000 zilizoitwa ardhi tupu isiyolimwa ziliwekwa chini ya serikali ya Uingereza. Kabaka alipata 350. Machifu 20 wa saza walipata maili 8 kila mmoja kwa milki yao, na 8 nyingine kwa cheo chao. Kila mlinzi wa ufalme alipata 16 zake binafsi na 16 za cheo. Mbogo, mkuu wa Waislamu, alipata 24. Vyama vitatu vya wamisionari vilipata 92 kwa jumla, na vituo vya serikali 50. Walikuwapo pia mama za wafalme, wana wa mfalme na mabinti wa nasaba. Katika mafungu waliyopewa watu, kubwa kupita yote lilikuwa la machifu na wenye ardhi wapatao 1,000: maili za mraba 8,000, zilizokadiriwa kuwa 8 kwa kila mtu.

Yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Maili za mraba 8 si mraba wenye upande wa maili 8. Mraba wa namna hiyo una maili za mraba 64. Maili za mraba 8 ni ekari 5,120. Hata hivyo hilo ni shamba kubwa sana.

Jambo la kutafakari ni hili: hesabu yote hiyo iliandikwa kabla ya nchi kupimwa. Hapana mnyororo uliokuwa umetandazwa kutoka mpaka hadi mpaka. Mkataba wenyewe ulijua hivyo, ukaweka sharti ya kwamba ikiwa upimaji utaonyesha eneo pungufu ya maili 19,600, upungufu huo utolewe katika sehemu ya serikali. Baraza la Lukiiko lilipewa kazi ya kugawa zile maili 8,000, na orodha ya watu 1,000 ikakua hadi ikapita 3,000. Kila mmoja alitaja mahali anapotaka, kisha akangoja mpima ardhi. Kazi hiyo ya kupima ilichukua zaidi ya miaka 30, na ilipomalizika ikaonekana kwamba Buganda ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Wako waliofariki dunia wakiwa na maili katika karatasi bila ya kujua zinaanzia kichuguu gani na kuishia mto gani.

Buganda haikuwa peke yake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana ya kwamba Sultani wa Zanzibar atatambuliwa katika ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tokea baharini. Ukanda huo ulikwisha kuwa suala la mabishano hadi mwaka 1963, ulipokabidhiwa kwa Kenya kwa mapatano. Hapo napo mstari ulichorwa mezani na watu, na waliokaa juu ya mstari huo hawakuulizwa.

ASIYETAJWA KATIKA ORODHA

Anayesoma orodha ya mwaka 1900 kwa makini atagundua kwamba mmoja hakutajwa. Ni mkulima wa kawaida, yule aliyekuwa na mgomba wake, kahawa yake na kaburi la baba yake. Hakupewa hata robo ya maili. Alijikuta juu ya ardhi ya mwenye mailo, na kipande chake kikaitwa kibanja. Mwenye mailo akawa na haki ya kutoza busuulu, yaani kodi ya ardhi, na envujjo, yaani sehemu ya mazao. Kodi zilipozidi, sheria ya mwaka 1928 iliweka kikomo na kumkinga mkulima asifukuzwe ovyo.

Tangu hapo sheria zimefuatana. Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, na wenye mailo wakageuzwa kuwa wapangaji wa miaka mingi. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha mailo, ikaitaja kuwa mojawapo ya namna nne za kumiliki ardhi nchini Uganda, pamoja na umiliki wa kimila, umiliki huru na ukodishaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilimtambua mwenye kibanja aliyeingia kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na pia aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila ya kupingwa. Marekebisho ya mwaka 2010 yakaongeza kwamba mkaaji wa namna hiyo hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi ya mwaka. Mwenye ardhi akiiuza kwa mwingine, haki ya mwenye kibanja haifi. Humfuata mnunuzi mpya.

Basi juu ya udongo ule ule mmoja wanaweza kusimama watu wawili wenye haki, mmoja akiwa na hati na mwingine akiwa na kibanja. Hiyo ndiyo sababu ya kesi nyingi, na ndiyo sababu askari polisi huitwa mara kwa mara kutuliza ugomvi ambao mizizi yake ni kalamu ya mwaka 1900.

HAMSINI KWA MIA

Siku hizi hapana anayenunua maili ya mraba karibu na Kampala. Mtu wa mshahara hununua kiwanja, na kipimo kinachotajwa na madalali ni kimoja: hamsini kwa mia. Maana yake ni futi 50 kwa futi 100. Katika maili moja ya mraba vingeingia viwanja vya namna hiyo 5,575, kama hapangekuwapo barabara wala mabonde. Ndipo msomaji aone jinsi maili za mababu zilivyokatwa vipande vidogo.

Udogo huo ndio unaofanya kila inchi iwe na thamani. Yako makosa matatu yanayowapunja wanunuzi.

La kwanza ni la hatua. Dalali mwenye haraka hupima kwa miguu. Kwa hatua ya kwata ya inchi 30, futi 50 ni hatua 20 barabara, na futi 100 ni hatua 40. Lakini dalali hakupiga kwata. Akitembea hatua ya inchi 27, hatua zake 20 ni futi 45 tu, na hatua zake 40 ni futi 90. Kiwanja kilichosemwa kuwa na futi za mraba 5,000 kinakuwa na 4,050. Inchi tatu katika kila hatua zimemla mnunuzi karibu sehemu moja katika tano ya kiwanja, na bei amelipa nzima.

La pili ni la kuchanganya futi na mita. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48. Muuzaji akisema mita 15 kwa 30, na mnunuzi akaitikia kwa kuwa tarakimu zinakaribiana, amepoteza mita za mraba 14 na nusu. Hicho ni chumba kizima cha futi 12 kwa 13.

La tatu ni la desimali. Nchini Uganda ekari moja hugawanywa katika desimali 100, na kila desimali ni futi za mraba 435.6. Kiwanja cha hamsini kwa mia ni desimali 11 na nusu hivi. Wako wanaokitangaza kuwa ni desimali 12, hata 12 na nusu. Anayelipa kwa hesabu ya desimali 12 na nusu akapewa hamsini kwa mia amenunua futi za mraba 445 ambazo hazipo mahali popote.

SHAURI KWA NYUMBA

Kiinua mgongo hupatikana mara moja. Akiba ya mke aliyeuza mboga na kushona nguo miaka 10 haipatikani mara ya pili. Kwa hiyo kabla ya fedha kutoka mkononi, nyumba na ifanye mambo haya.

Kwanza, ulizeni ni ardhi ya namna gani, na kinachouzwa ni hati au ni kibanja. Kama ni hati ya mailo, chukueni namba ya bloku na ya ploti mkaitazame katika daftari la ofisi ya ardhi, muone jina la mwenyewe na kama imewekwa rehani au imezuiwa. Kama ni kibanja, lazima ipatikane idhini ya mwenye ardhi, maana kibanja kilichouzwa bila ya idhini yake ni mwanzo wa kesi.

Pili, mwajiri mpima ardhi aliyesajiliwa, na siku ya kupima muwepo wenyewe. Oneni kila jiwe la mpaka likisimama. Waiteni majirani wa pande zote nne washuhudie, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Utepe utandazwe chini na kukazwa, usining'inie hewani, wala usipindwe kuzunguka mti.

Tatu, tembeeni kiwanja hicho wenyewe, saa za asubuhi na siku ya mvua. Ulizeni yule anayelima pale analima kwa ruhusa ya nani. Mtu mwenye mgomba uliozeeka huenda ana haki ambayo muuzaji hakuitaja.

Nne, mume na mke wajue pamoja. Sheria ya Uganda inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inakaa juu yake au kupata riziki kwayo bila ya idhini ya mume au mke. Mnunuzi asiyemwona mke wa muuzaji hajamwona muuzaji. Vilevile askari aliyeko kituo cha mbali asimfiche mkewe habari za kiwanja, kwani siku ya msiba ni yeye atakayetakiwa kuonyesha mipaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, kipimo kiandikwe katika mkataba kwa futi na kwa mita pamoja, na ramani ya mpima ardhi ifungwe humo, nayo itiwe sahihi na pande zote.

MAILI ILIKO LEO

Nje ya ardhi, maili ingali na kazi yake. Majini na angani hutumiwa maili nyingine, maili ya bahari, iliyowekwa kuwa mita 1,852 katika mkutano wa Monaco wa mwaka 1929. Hiyo haikuzaliwa na mguu wa askari bali na umbo la dunia, kwa kuwa ni sawa na dakika moja ya latitudo. Kampala iko dakika 19 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo kutoka mjini hadi Ikweta, kwa mstari ulionyooka kuelekea kusini juu ya maji ya Ziwa Victoria, ni maili za bahari 19, au kilometa 35. Nahodha au rubani anayesoma ramani hahitaji hesabu nyingine.

Viwanjani nako, mbio za mita 400 ni jirani wa robo maili ya zamani, yaani yadi 440, ambayo ni mita 402 na sehemu. John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alipokimbia mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, akaipatia nchi medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, alikuwa anakimbia mbio ambazo urefu wake bado unafuata kivuli cha maili.

Lakini hapana mahali ambapo maili ina uzito kama katika ardhi ya Kampala na vitongoji vyake. Huko mwanariadha akikosea hatua hupoteza mashindano, na mashindano huja tena. Familia ikikosea futi tano hupoteza ukuta wa nyumba. Wakuu wa mwaka 1900 walitia sahihi kwanza, kupima kukaja baadaye, na wajukuu wao wangali mahakamani. Raia wa leo, mwenye kiwanja chake kidogo cha hamsini kwa mia, ana nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Mpima ardhi yupo, utepe upo, daftari liko wazi, na miguu yake mwenyewe imefundishwa hatua ya inchi 30. Na apime kwanza, ndipo atie sahihi.